Njia ya Miguu na Baiskeli Inapopangwa Mtaani Kwenu: Namna ya Kuuwahi Uamuzi Kabla Haujafungwa

Dalili ya kwanza huwa vigingi. Asubuhi moja unapita njia yako ya kila siku, unakuta vijiti vimepigwa kando ya barabara, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, na alama ya rangi hiyohiyo imechorwa kwenye ukuta wa jirani. Watu wanaulizana. Mmoja anasema ni bomba la maji, mwingine anasema barabara inapanuliwa. Baada ya muda inajulikana kwamba ni njia mpya ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, na hapo ndipo wengi huanza kutoa maoni. Mara nyingi wanakuwa wamechelewa, kwa sababu mpima ardhi hapigi vigingi kabla ya mtu fulani kuchora mstari.

Mwongozo huu ni kwa mkazi ambaye si mhandisi wala mwanasheria, lakini anataka neno lake liingie kwenye uamuzi huo. Utamfaa anayeitaka njia na anayeihofia. Mimi mwenyewe nazipenda njia hizi, nalisema mapema ili usome ukijua. Ila nimeona pia zilizojengwa vibaya zikaota majani huku watu wakiendelea kupishana na magari barabarani, na karibu kila mara kosa lilikuwa linaonekana kwenye mchoro miezi mingi kabla ya zege kumwagwa. Njia haiamuliwi kwa kura moja ya ndiyo au hapana. Inaamuliwa vipande vipande: ipite wapi, iwe na upana gani, ivuke barabara vipi, nani aifagie. Kila kipande kina wakati wake, na wakati huo ukipita unabaki na malalamiko tu.

Hatua ya 1: Jua uamuzi umefika wapi

Kabla ya kuandika barua yoyote, uliza swali moja: mradi huu uko kwenye hatua gani? Majina hutofautiana nchi kwa nchi, lakini mwendo ni uleule. Wazo huingia kwenye mpango wa jumla wa mji au wa usafiri. Hufuata upembuzi yakinifu, ambapo wataalamu hulinganisha mapito mawili matatu. Kisha usanifu wa awali, maoni ya wananchi, usanifu wa kina, idhini ya kamati au baraza, bajeti, zabuni, ujenzi na makabidhiano.

Udongo uwahi ungali maji. Kwenye upembuzi unaweza kuhamisha njia yote ikapita upande wa shule badala ya upande wa ghala. Kwenye usanifu wa awali huwezi tena kuihamisha, lakini unaweza kudai ipanuliwe au iongezwe kivuko. Zabuni ikishatangazwa, kila badiliko lina gharama ya ziada kwenye mkataba na hakuna ofisa anayetaka kulisikia. Mwananchi anayekuja na hoja ya mapito wakati mkandarasi ameshaleta mchanga atasikilizwa kwa heshima, kisha ataambiwa asante kwa kuja.

Habari hizi hupatikana kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, kwenye gazeti lenye kurasa za notisi, kwenye tovuti ya halmashauri kama inahuishwa, na kwa diwani. Kwa uzoefu wangu, anayejua kuliko wote ni karani wa kamati, yule anayepanga ajenda na kuandika muhtasari. Mheshimu. Muulize kikao kijacho cha mipango ni lini, ajenda hutolewa siku ngapi kabla, na maoni ya maandishi mwisho wake lini. Andika tarehe hizo tatu mahali utakapoziona kila siku.

Hatua ya 2: Jua nani mwenye ardhi na nani mwenye kalamu

Njia ya kilomita mbili inaweza kupita kwenye ardhi ya wenyewe wanne: hifadhi ya barabara, kingo za mto, eneo la reli, na ua wa mtu binafsi. Kila mmoja ana kauli yake. Halmashauri inaweza kuidhinisha kwa shangwe halafu mradi ukakwama miaka kwa sababu mwenye reli hajakubali kivuko, au kwa sababu mabomba na nguzo za umeme zinahitaji kuhamishwa na hakuna aliyetenga fedha za kazi hiyo.

Kwa hiyo chukua karatasi uchore mapito yote, kipande kwa kipande, na ubavuni andika nani mwenyewe. Pasipojulikana, weka alama ya kuuliza. Alama hizo za kuuliza ndizo maswali yako ya kwanza kwa ofisi ya mipango, na utashangaa jinsi zinavyowafanya watu wakae sawa kwenye viti.

Kama njia inagusa kiwanja chako, hapo usitegemee mwongozo wa aina hii peke yake. Fidia na utwaaji wa ardhi vina sheria yake na tarehe zake za mwisho. Tafuta mwanasheria au ofisi ya msaada wa kisheria mapema, na usitie saini karatasi yoyote ya kukubali kipimo kabla hujaielewa.

Hatua ya 3: Omba nyaraka, kisha zisome kwa rula

Hapa ndipo penye uzito wote, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Omba vitu vinne: taarifa ya wataalamu kwa kamati, mchoro wa mpangilio (njia inavyoonekana kutoka juu), mkato wa upana (kana kwamba umeikata njia kwa kisu na kuitazama ubavuni), na mkato wa urefu unaoonyesha miinuko. Ukipewa picha ya rangi yenye watu wanaotabasamu na miti iliyokwisha kukomaa, shukuru, kisha omba mchoro wenyewe. Ile picha haimfungi mtu yeyote.

Anza na kipimio. Mchoro ukiandikwa 1:500, sentimita moja kwenye karatasi ni mita tano ardhini. Lakini angalia mtego: mchoro uliotengenezwa kwa karatasi ya A3, ukichapishwa kwenye A4, hupungua hadi kama asilimia 71 ya ukubwa wake, na njia ya mita 3 utaipima ukaona mita 2.1. Ukisimama kikaoni na kipimo hicho utaaibika. Tumia mstari wa kipimio uliochorwa pembeni, ule hupungua pamoja na mchoro.

Kisha nenda kwenye upana. Mtu kwenye kiti cha magurudumu anahitaji takriban sentimita 90, na viti viwili vikipishana ni kama mita 1.8. Mwendesha baiskeli akiwa kwenye mwendo huyumba kidogo, kwa hiyo mhesabie mita moja nzima ingawa usukani wake ni mwembamba kuliko hapo. Ndiyo maana njia ya pamoja, inayobeba watembeaji na baiskeli za pande zote mbili, hupangwa vizuri kwa mita 3. Kwenye mita 2 watu hupishana kwa kuombana radhi.

Na upana ulioandikwa si upana unaotumika. Hakuna anayeendesha huku bega likikwaruza ukuta. Kuta na vyuma vya kando hula karibu nusu mita kila upande. Tuseme mchoro unasema mita 3, kulia kuna ukuta wa kiwanda, kushoto kuna vyuma vya kuzuia watu wasitumbukie mtaroni. Toa nusu mita huku na nusu mita kule, umebaki na mita 2. Sasa tafuta vile viduara vidogo ambavyo ufunguo wa mchoro unaviita nguzo za taa. Vikiwa ndani ya njia badala ya nje yake, mita 2 zimekuwa moja na nusu. Hapo bado hujaweka kikapu cha taka wala bango la kampuni lililodondokea katikati.

Miinuko nayo ina hesabu yake. Mwinuko wa 1 kwa 20, yaani asilimia 5, wengi huumudu. Kwenye 1 kwa 12 ndipo mwisho wa kawaida wa ngazi mteremko ya kiti cha magurudumu, na hata hapo panatakiwa sehemu tambarare za kupumzikia. Chukua mfano wa daraja dogo lililo juu ya njia kwa sentimita 60. Kwa 1 kwa 12 mteremko wake utahitaji mita 7.2, kwa 1 kwa 20 utahitaji mita 12. Mchoro ukionyesha mita 4, mtu amekosea au amekata kona, na kazi yako ni kuuliza ni lipi.

Maji pia. Njia huinamishwa kidogo upande mmoja, kama sentimita 2 kwa kila mita, ili mvua isituame. Tafuta mshale unaoonyesha maji yanaelekea wapi. Nimeona michoro ambayo mshale unaelekea kwenye mlango wa nyumba ya mtu. Na mifuniko ya mitaro: mianya yake ikilala kwa urefu wa njia, gurudumu la mbele la baiskeli linazama humo na mwendeshaji anapaa. Mianya ilale kwa upana wa njia. Kuizungusha kwenye mchoro hakugharimu kitu.

Mwisho angalia makutano, maana ajali hutokea huko zaidi kuliko katikati ya njia. Fuata mstari wa njia kwa kidole toka mwanzo. Je, unakatika kila unapofika barabara kubwa au kipilefti, kisha ukaibukia upande wa pili kana kwamba watu wanaruka? Wahandisi wa Uholanzi hupima njia ya baiskeli kwa mambo matano: iwe mfululizo, iwe ya moja kwa moja, iwe salama, iwe ya starehe, na ivutie. Mfululizo umewekwa hapo kwa sababu. Sevilla, huko Hispania, ilijenga takriban kilomita 80 za njia za baiskeli zilizounganishwa ndani ya muda mfupi kati ya 2006 na 2007, na waendesha baiskeli wakaongezeka haraka kwa sababu mtu aliweza kutoka kwake akafika anakokwenda bila njia kumkimbia katikati ya safari. Miji inayojenga mita 400 hapa na mita 600 kule hushangaa kwa nini hakuna anayezitumia.

Penye taa za kuvukia, uliza muda wa kuvuka umehesabiwa kwa mwendo gani. Kipimo kinachotumika sana ni mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 12 kwa mwendo huo ni sekunde 10. Mzee anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji sekunde 15, na zile sekunde tano zilizobaki atazimalizia mbele ya magari. Pasipo na taa, uliza magari yanapita kwa kasi gani. Azimio la Stockholm la 2020 kuhusu usalama barabarani linataka mwisho wa kilomita 30 kwa saa pale magari na watembeaji wanapochangamana. Ni hoja nzuri kuinukuu, kwa kuwa si mtu wa mtaani aliyeitunga.

Hatua ya 4: Toka nje na futi kamba

Mchoro unaonyesha mji usio na watu. Uhesabu wewe.

Chagua sehemu moja utakayoweza kuirudia, kwa mfano mlangoni mwa shule au kwenye daraja. Gawa karatasi kwa mistari ya dakika 15. Safu ziwe: watembeaji, baiskeli, baiskeli au mikokoteni yenye mizigo, watoto wasio na mtu mzima, watu wenye viti vya magurudumu, fimbo nyeupe au magongo. Weka na safu ya pikipiki, utaihitaji. Hesabu kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda kama huo jioni siku ya kazi, kisha siku moja ya mapumziko. Kila apitaye ni kijiti kimoja, vijiti vinne na cha tano kinavikata. Kaeni wawili: mmoja anaangalia, mwingine anaandika. Peke yako utapoteza hesabu pale kundi la wanafunzi linapotoka kwa pamoja.

Andika juu ya karatasi tarehe, saa, mahali hasa uliposimama na hali ya hewa. Karatasi isiyo na hayo ni porojo. Yenye hayo ni ushahidi, na mara nyingi itakuwa takwimu pekee kuhusu watembeaji iliyopo mezani, maana mamlaka nyingi huhesabu magari na kusahau miguu.

Halafu tembea mapito yote ukipiga picha. Pita mchana, kisha pita usiku. Usiku ndipo utakapojua kwa nini wanawake wa mtaa huo wanazunguka mbali badala ya kupita ile njia fupi ya nyuma ya ukuta. Mapito yaliyochorwa mahali pasipo na dirisha hata moja linalotazama njia yatakuwa matupu saa moja jioni, hata yakiwa na lami nzuri kiasi gani. Ikiwezekana nenda na jirani anayetumia kiti cha magurudumu na mwingine asiyeona. Usiwasemee, waache waonyeshe wenyewe. Vile vigae vyenye vinundu vinavyomwongoza asiyeona kwa unyayo na fimbo vilibuniwa na Seiichi Miyake wa Japani, na vikawekwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Bado unakutana na michoro isiyo na hata kimoja, au imevipanga vikaishia kwenye nguzo.

Hatua ya 5: Ongea na wanaopinga kabla hamjakutana kikaoni

Wapo na wana sababu. Mwenye duka anahofia kupoteza sehemu za magari mbele ya mlango wake. Mwenye nyumba anahofia wapita njia watachungulia uani. Mtembeaji mzee anahofia kugongwa na baiskeli, na hofu hiyo usiidharau: kwenye njia ya pamoja iliyo nyembamba ana haki kabisa. Enrique Peñalosa, alipokuwa meya wa Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, kati ya 1998 na 2000, aliondoa magari yaliyokuwa yakiegeshwa juu ya njia za miguu na kujenga mtandao wa njia za baiskeli, akapambana na upinzani mkali. Yeye alikuwa meya. Wewe ni jirani, na mradi ukiisha mtaendelea kuishi pamoja.

Nenda dukani, uliza: wateja wako wengi wanafikaje hapa, kwa miguu au kwa gari? Mkubaliane muwahesabu pamoja kwa siku moja. Mara nyingine utagundua wengi wanakuja kwa miguu, na mwenye duka mwenyewe atalisema hilo kikaoni kwa nguvu kuliko wewe. Mara nyingine utagundua yuko sahihi, anahitaji nafasi ya kushushia mizigo saa fulani. Basi liweke kwenye maoni yako kama ombi. Mpinzani aliyeona hoja yake imeandikwa kwenye karatasi yako hageuki kuwa rafiki, lakini hupunguza sauti.

Suala la pikipiki litaibuka, kila mara. Watu watadai vizuizi kwenye mwanzo wa njia. Kuwa mwangalifu. Nguzo fupi zenye nafasi ya mita 1.5 kati yake huzuia gari na kupitisha baiskeli na kiti cha magurudumu. Vyuma vya kupindisha njia, vya zigizaga, vinamzuia mwenye kiti cha magurudumu na mwenye baiskeli ya mizigo kwanza. Dereva wa pikipiki anashuka, anainamisha, anapita. Tatizo la pikipiki dawa yake ni usimamizi, na kuipa pikipiki mahali pake barabarani.

Hatua ya 6: Andika maoni ambayo ofisa hawezi kuyaruka

Ofisa anayesoma maoni hutafuta vitu viwili: je, hoja hii inahusu jambo ambalo kamati inaruhusiwa kulizingatia, na je, mwandishi anataka nini kifanyike? Usalama, ufikikaji, mafuriko, miti, kelele, mwanga wa usiku na kulingana kwa mradi na mpango wa mji huzingatiwa karibu kila mahali. Chuki yako na diwani haizingatiwi. Hofu kwamba nyumba yako itashuka thamani kwa kawaida haizingatiwi vilevile, hata kama ni ya kweli kwako.

Linganisha maoni haya mawili. La kwanza: “Njia hii ni hatari na haijawafikiria watoto. Tunaomba serikali itusikie kilio chetu.” Ofisa ataliweka kwenye fungu la “wasiwasi kuhusu usalama” na kusonga mbele. La pili:

“Mchoro namba 4, kati ya daraja na lango la shule: upana ulioonyeshwa ni mita 2.5, lakini nguzo tatu za taa zimewekwa ndani ya njia, hivyo upana unaopitika ni takriban mita 1.7. Siku ya Jumanne tulihesabu wapitao mahali hapo kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:30 asubuhi, karatasi imeambatishwa. Tunaomba idhini itolewe kwa sharti kwamba nguzo zihamishiwe upande wa nje wa mtaro na njia ipanuliwe ili upana usiopungua mita 3 uwe wazi.”

La pili lina mahali, kasoro, ushahidi na ombi. Linamlazimisha mhandisi ajibu, na jibu lake litaandikwa. Hata kama unaunga mkono mradi kwa moyo wote, andika hivyohivyo: “naunga mkono, kwa sharti kwamba”. Uungaji mkono usio na sharti humfurahisha diwani lakini haurekebishi mchoro.

Kwa habari ya ufikikaji, taja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 9, kama nchi yako imeuridhia, na nyingi zimeuridhia. Barua zenye maneno yaleyale zilizosainiwa na watu mia huhesabiwa mara nyingi kama hoja moja. Barua kumi tofauti, kila moja ikieleza kipande cha njia ambacho mwandishi anakijua, huzaa majibu kumi. Wasilisha kabla ya siku ya mwisho, pata muhuri wa kupokelewa au ujumbe wa uthibitisho, ubaki na nakala.

Hatua ya 7: Siku ya kikao

Ukiruhusiwa kusema, utapewa dakika chache, pengine tatu. Niliwahi kumwona mzee mmoja aliyejiandaa vizuri kuliko wote ukumbini akitumia dakika mbili na nusu kuwashukuru waheshimiwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Kengele ikalia akiwa anafungua bahasha ya picha zake.

Salimia kwa sentensi moja. Sema unaishi wapi kuhusiana na njia. Toa hoja moja, ile nzito kuliko zote, na picha moja iliyochapishwa kubwa. Malizia kwa kusoma neno kwa neno sharti unalotaka liingizwe. Hoja nyingine tayari zimo kwenye maoni ya maandishi. Mwenye hoja saba huacha wajumbe wakumbuke ile dhaifu, maana ndiyo rahisi kuijibu.

Kaa hadi mwisho, uandike. Nani alitoa pendekezo, nani aliunga mkono, akidi ilitimia au la, kuna mjumbe aliyetangaza mgongano wa maslahi na akatoka au akabaki? Haya yanaonekana madogo hadi siku utakapoyahitaji.

Hatua ya 8: Uamuzi ukitoka

Unaweza kuwa ndiyo, hapana, ndiyo kwa masharti, au kuahirishwa. Kuahirishwa si kushindwa. Uliza tu umeahirishwa ili nini kifanyike na hadi lini, la sivyo utasahaulika kabatini.

Masharti yasome kwa wivu. “Mkandarasi atazingatia usalama wa watembeaji” ni sentensi isiyo na meno. “Kivuko kilichoonyeshwa kwenye mchoro namba 6 kikamilike kabla njia haijafunguliwa” ina meno, kwa sababu ina kitu, mahali na wakati. Ukiona sharti lako limelainishwa kati ya kikao na barua ya uamuzi, omba muhtasari uliothibitishwa ulinganishe.

Ukitaka kukata rufaa, kwanza angalia siku zilizobaki, huwa ni chache na hazisubiri. Pili, elewa kwamba vyombo vingi vya rufaa na mahakama huangalia zaidi utaratibu kuliko ladha: notisi ilitolewa inavyotakiwa? Maoni yalizingatiwa? Mjumbe mwenye maslahi alipiga kura? “Sikubaliani na upana” peke yake haitoshi. Hapo ndipo zile kumbukumbu zako za ukumbini zinapopata kazi.

Hatua ya 9: Kuanzia zabuni hadi ndoo ya maji

Mradi ulioidhinishwa hupunguzwa kimyakimya. Fedha zikipungua, kinachokatwa kwanza ni taa, miti, vigae vya vinundu na kivuko cha mwisho. Omba kuona orodha ya kazi kwenye zabuni na uilinganishe na masharti ya idhini. Uliza mapema fungu la matengenezo liko kwenye bajeti ya nani. Njia isiyofagiwa hujaa mchanga na vioo, na waendesha baiskeli hurudi barabarani ndani ya msimu mmoja.

Wakati wa ujenzi, pita mara moja kwa wiki na piga picha kutoka mahali palepale. Ukiona nguzo inachimbiwa mahali pasipo pake, ipigie ofisi simu siku hiyohiyo na ufuatishe kwa maandishi. Shimo lililo wazi hufukiwa kirahisi. Nguzo iliyokwisha kumwagiwa zege ina watetezi.

Kabla ya makabidhiano, nenda na futi kamba, kiti cha magurudumu cha kuazima, baiskeli na ndoo ya maji. Pima upana unaopitika kwenye sehemu tatu zilizo nyembamba kuliko zote. Sukuma kiti kwenye kila ukingo wa barabara: gurudumu la mbele likigota, ukingo haujashushwa vya kutosha. Mwaga maji kwenye kila sehemu yenye wasiwasi, usubiri dakika kumi, na piga picha ya dimbwi likiwa na kitu cha kulipimia ukubwa. Mikataba mingi ya ujenzi ina kipindi cha uangalizi ambapo mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake, na kikiisha gharama inahamia kwa halmashauri. Uliza kinaisha tarehe gani, na orodha yako ifike ofisini kabla yake.

Baada ya mwaka mmoja chukua ile karatasi ya zamani, simama mahali palepale, mwezi uleule, saa zilezile, na uhesabu upya. Peleka karatasi zote mbili kwa karani wa kamati na uombe ziambatishwe kwenye jalada la mradi, maana kipande kinachofuata cha njia kitaanzia kwenye jalada hilo.